Kuhama kwa Mtunzi na Chemchemi ya Ilhamu: Mahali, Umbali na Utunzi katika Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Ni imani ya siku nyingi kwamba mtunzi aliyekaukiwa na mawazo hana dawa ila kubadili mahali. Huambiwa aende ufukoni akasikilize mawimbi, apande milimani, au akae katika mji wa kigeni ambako hakuna amjuaye, na kwamba huko fikira zitamjia zenyewe. Waswahili nao wana kauli zinazoelekea upande huo: "tembea uone", na "mtembea bure si sawa na mkaa bure". Imani hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa historia ya fasihi imejaa watu walioandika vizuri baada ya kuhama kwao. Hata hivyo, ikipokewa vivi hivi bila ya kupimwa, inazaa matatizo mawili. Kwanza, haielezi kwa nini wasafiri walio wengi hurudi na mizigo tele wala wasirudi na utungo hata mmoja. Pili, inawashusha daraja watunzi wasio na nauli, kana kwamba kipaji ni mali ya mwenye kupanda meli au ndege.

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano uliopo baina ya kubadilika kwa mandhari na kuzaliwa kwa utungo, kwa kutumia mifano kutoka fasihi ya Kiswahili hasa, na michache kutoka kwingineko. Hoja itakayotetewa ni kwamba mahali papya, aghalabu, hapampi mtunzi mada, humpa umbali. Mada huwa anayo tayari, kaichukua kutoka kwao bila ya kujua. Umbali ndio unaomwezesha kuiona. Na madhali umbali unaweza kupatikana kwa njia nyingi, kusafiri ni mojawapo tu.

2. Ushahidi wa lugha yenyewe

Kabla ya kuingia katika maisha na kazi za watunzi, inafaa kuangalia lugha inavyolieleza jambo hili. Neno "ilhamu", ambalo asili yake ni Kiarabu, linadokeza kitu kinachotiwa moyoni mwa mtu kutoka nje yake. Kwa mtazamo wa neno hilo, mtunzi ni mpokeaji tu. Hana budi angoje. Lakini kitenzi kinachotumiwa kwa kazi yenyewe ni "kutunga", nacho ndicho kinachotumiwa kwa mtu anayepitisha uzi katika shanga, au anayepanga asumini katika koja. Mtunga shanga haziumbi shanga zake wakati anapozitunga. Huwa amekwisha kuzikusanya, zimo katika kikapu, zimechanganyika. Anachohitaji ni uzi na mwangaza wa kutosha. Basi lugha ina mafundisho mawili yanayopingana: moja lasema utungo hutoka nje, jingine lasema utungo ni mpango wa vitu ambavyo mtu tayari anavyo.

Ushahidi wa pili umo katika sarufi. Kiswahili kina ngeli tatu za mahali: ya PA, inayoonyesha mahali maalumu penye mipaka, ya KU, inayoonyesha mahali pasipo mipaka bayana, na ya MU, inayoonyesha undani. Mtu aliye kwao yumo "humu". Amezungukwa na mahali pake kama samaki alivyozungukwa na maji, na kwa sababu hiyo hayaoni maji. Akitoka, nyumba ile ile inageuka kuwa "pale": ina umbo, ina mwanzo na mwisho, yaweza kuonyeshwa kwa kidole na kutolewa habari. Lakini akienda mbali mno, au akikaa huko muda mrefu mno, nyumba hugeuka tena ikawa "kule": mahali palipofifia, penye kujaa matamanio na usahaulifu. Itaonekana katika sehemu zifuatazo kwamba utunzi bora wa watu waliohama hutokea zaidi wakati kwao kunapokuwa "pale", yaani baada ya kuacha kuwa "humu" na kabla ya kuwa "kule".

3. Mazoea na kuvunjika kwake

Mfano unaotajwa mara nyingi katika mjadala wa fikira na safari hautoki katika fasihi, bali katika hisabati. Henri Poincaré, mwanahisabati wa Kifaransa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1908, *Science et méthode*, jinsi alivyopata moja kati ya mavumbuzi yake. Alikuwa akikaa Caen, na kwa siku nyingi alikuwa ameketi mezani akipambana na aina fulani ya maswali. Kisha aliondoka mjini kwenda katika ziara ya wanajiolojia, na mambo ya safari yakamsahaulisha hisabati. Walipofika Coutances wakapanda gari la abiria, na mara tu alipotia mguu katika kidato cha gari hilo, fumbo likafumbuka bila ya yeye kuwa analifikiria. Wakati mwingine, baada ya kushindwa na swali jingine, alikwenda kupumzika pwani kwa siku chache, na jawabu likamjia alipokuwa akitembea juu ya jabali lililoelekea bahari.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na hisabati yoyote katika kidato cha gari la Coutances. Mandhari hiyo haikumpa mada wala hoja. Swali alilibeba kutoka Caen, na kazi ngumu aliifanya kule kule Caen. Kilichotendwa na safari ni kumwachisha njia aliyokuwa akiipita kila siku na ambayo ilikuwa haimfikishi. Mwingereza Graham Wallas, katika kitabu cha mwaka 1926 juu ya sanaa ya kufikiri, aliigawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia, kumulikiwa na kuhakikisha. Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Kuku huatamia mayai yaliyokwisha kutagwa. Hakuna kifaranga kinachotoka katika kiota kitupu. Ndiyo sababu msafiri ambaye hakuwa na swali lolote kabla ya kuondoka hurudi na picha na wala harudi na utungo.

Katika uhakiki wa fasihi, fikira iliyo karibu na hiyo ilitolewa na Mrusi Viktor Shklovsky mwaka 1917. Kwa maoni yake, mazoea hukausha maisha: mtu akikizoea kitu huacha kukiona, akabaki kukitambua tu kwa jina. Kazi ya sanaa ni kukirudisha kitu kwenye hisia kwa kukifanya kionekane kigeni. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kuhama ni njia ya kimwili ya kutenda kile ambacho sanaa hukitenda kwa maneno. Anayehama hulazimika kuviona vitu upya kwa sababu havijui, na baadaye hulazimika kuviona upya hata vile alivyovijua.

Kielelezo kizuri katika maandishi ya Kiswahili ni habari ya safari iliyoandikwa na Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Matini hiyo ilichapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1901, katika mkusanyo wa safari za Waswahili. Mwandishi alikuwa na mzigo usio mdogo: kuieleza nchi ya baridi kwa lugha iliyokulia kwenye joto la Bahari ya Hindi, na kuwaeleza wasomaji ambao hawajapata kuiona. Kila alipoeleza kitu cha huko hakuwa na kipimo kingine ila cha pwani. Kwa hiyo msomaji wa leo hujifunza kutokana na matini hiyo mambo ya Urusi, lakini hujifunza pia, na pengine zaidi, mtu wa pwani alipima vitu kwa nini: kitu gani kwake kilikuwa cha kawaida kiasi cha kutohitaji maelezo, na kitu gani kilimshangaza. Ugenini ulimfanya aonyeshe vipimo ambavyo nyumbani vilikuwa vimefichika.

4. Waliohama wakaandika kwao

Kama mahali papya ndipo panapotoa mada, ingetarajiwa kwamba watunzi waliohama waandike zaidi juu ya huko walikohamia. Mambo sivyo yalivyo.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka mwaka 1971. Riwaya hiyo inaanzia Namagondo. Kijana aliyefika katika jiji kubwa kuliko yote nchini mwake, jiji lenye bandari, chuo na siasa motomoto za miaka ile, aligeuza uso akatazama nyumba moja ya kijijini: baba mkali, mama mvumilivu, na mabinti. *Kichwamaji* (1974) inarudi tena katika mazingira ya Ukerewe, mara hii ikiwa na kijana msomi ambaye elimu imemtenga na watu wake. Hapa kuhama si kisa cha nje ya riwaya. Kumekuwa ndiyo maudhui yake. Mhusika anarudi nyumbani na kugundua kwamba nyumbani ni "pale", na kwamba hawezi tena kuwa "humu".

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka 1947, ni mfano mwingine. Amesoma na kufundisha katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Ujapani na Ujerumani. Riwaya zake za mwanzo, *Asali Chungu* (1977), *Utengano* (1980) na *Dunia Mti Mkavu* (1980), zimejikita katika maisha ya Visiwani. Katika miaka yake ya ughaibuni hakugeuka kuwa mwandishi wa Osaka wala wa Bayreuth. *Babu Alipofufuka* (2001) inatazama hali ya taifa la Kiafrika lililobanwa na nguvu za dunia. Kilichobadilika ni upana wa jicho: kwanza kisiwa kinatazamwa kutoka ndani ya tabaka zake, kisha taifa linatazamwa kama mtu aliyesimama mbali na kuona mkono unaolisukuma.

Kwa lugha nyingine, mwenendo huo huo unaonekana kwa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, inarudi katika Afrika ya Mashariki ya misafara ya biashara, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mabaharia wa pwani walikwisha kulisema jambo hili kwa methali: "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani". Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo na omo ni ya mbele. Ngama ni ndani kabisa chini, ambako maji yanayovuja hukusanyika na ambako lazima mtu ashuke akayafue. Msafiri huenda huku na huku, lakini kazi yenyewe iko ngamani.

5. Kusadikika: safari kama mbinu

Shaaban Robert (1909–1962) alihamishwa mara kadhaa na kazi ya serikali ya kikoloni, akakaa pwani na pia bara, Mpwapwa. Katika tawasifu yake uhamisho huo haukupambwa. Ni mambo ya mizigo, jamaa, gharama na wajibu. Lakini katika *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951, safari imegeuzwa kuwa nguzo ya hadithi nzima. Mshitakiwa, Karama, anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mapendekezo ya mambo mema aliyoyaona ugenini, na kila mmoja alilipwa kifungo.

Wahakiki wameisoma hadithi hiyo kwa haki kuwa ni lawama kwa utawala wa kikoloni. Lakini inasomeka pia kama nadharia ya mada inayoshughulikiwa hapa. Faida ya safari za wajumbe haikuwa katika uzuri wa nchi walizoziona. Ilikuwa katika ulinganisho: kila nchi iliyozuriwa iliifichua Kusadikika ilivyo. Hilo ndilo lililowakasirisha wakubwa. Mtu aliyekaa ndani anaweza kuambiwa kwamba mambo hayawezi kuwa vingine; aliyetoka akaona hawezi kudanganyika hivyo. Umbali, basi, si starehe ya mtunzi. Una hatari, na jamii isiyotaka kuonekana huutambua upesi kuliko wahakiki.

Fauka ya hayo, Kusadikika yenyewe ni nchi iliyo angani. Mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali, asiyeweza kuondoka wala kusema waziwazi, alijitengenezea umbali kwa kuipandisha nchi yake hewani. Alibadili mandhari kwa kalamu. Ni uthibitisho kwamba asiye na nauli naye ana njia.

6. Mandhari inapomhama mtu

Kuna hali nyingine inayosahauliwa: mtu hakuhama, bali mahali pamemhama. *Al-Inkishafi*, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kiasi cha miaka 200 iliyopita, ulizaliwa katika hali kama hiyo. Pate, iliyokuwa dola tajiri katika visiwa vya kaskazini mwa mwambao, ilikuwa imeanguka. Majumba ya matajiri yaliyokuwa na taa, mazulia na wageni yalikuwa magofu, makao ya popo na wadudu. Mtunzi hakuhitaji kwenda ng'ambo ili aone kigeni. Ugeni ulikuja mpaka mlangoni pa majumba aliyoyajua kwa sifa zake. Umbali uliokuwepo ulikuwa wa wakati, baina ya jina la nyumba na hali ya nyumba. Kutokana na pengo hilo akatunga mazungumzo na moyo wake mwenyewe, na kazi hiyo ikawa moja kati ya nguzo za ushairi wa Kiswahili.

Mfano huu una maana kwa mwalimu wa fasihi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mtaa wao hauna la kuandikwa kwa kuwa wanaujua mno. Lakini hakuna mtaa uliosimama. Duka lililogeuzwa kuwa kitu kingine, kisima kilichofukiwa, mti wa baraza uliokatwa, jina la barabara lililobadilishwa: yote hayo ni magofu madogo, na kila moja lina pengo ndani yake. Aliyekaa mahali pamoja kwa muda mrefu ana umbali wa namna hii ambao mpita njia hawezi kuupata hata akae mwezi mzima.

7. Kifungo na swali la shukrani

Mfano mgumu kuliko yote ni wa gereza, kwa sababu gereza ni kubadilishiwa mandhari kwa nguvu, na kupewa mahali pa mandhari ukuta.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika mwaka 1968 kijikaratasi chenye jina *Kenya: Twendapi?* akiuliza mwelekeo wa nchi iliyokuwa na miaka michache tu ya uhuru. Alishitakiwa kwa uchochezi, akafungwa kutoka mwaka 1969 hadi mwaka 1972. Humo kifungoni, akiwa ametengwa na wenzake, alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Kenyatta ya Fasihi.

Ukiyatazama mashairi hayo kwa upande wa mandhari, jambo moja linajitokeza. Vitu vilivyomo ni vya pwani na vya maisha ya nje. Katika "Mnazi" ndugu wawili wanagombania mti, na wahakiki wamezoea kuufasiri mti huo kuwa ni nchi na matunda yake. "Mamba" linamtumia mnyama wa mtoni, "Telezi" njia iliyolowa mvua, "Jipu" maradhi ya mwili. Lugha nayo ni Kimvita, lahaja ya kwao. Mtu aliyenyimwa kila mandhari aliirudisha Mombasa nzima, mti kwa mti na neno kwa neno. Seli haikumpa shanga. Shanga alikuwa nazo. Na kwa kuwa hakuweza kusema kitu kwa jina lake, vitu vya kawaida vya kwao vilipewa kazi mpya ya kusema kwa mafumbo.

Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) naye alihama mara mbili kwa muda mfupi. Mara ya kwanza ilikuwa safari ya kiasi cha kilomita 30 tu: kutoka madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kituo cha utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji ilitayarishwa tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*, iliyochezwa mwaka 1977. Kilichobadilika hapo hakikuwa milima wala mashamba ya chai, ambayo aliyajua tangu utoto. Ilibadilika hadhira, na pamoja nayo lugha: mwandishi wa Kiingereza akaanza kuandika Gĩkũyũ. Mara ya pili ilikuwa kizuizini Kamiti, kutoka mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Huko aliandika, pia katika karatasi za chooni, riwaya ya *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, iliyotoka mwaka 1980 na baadaye ikatafsiriwa kwa Kiswahili kuwa *Shetani Msalabani*. Safari ya kilomita 30 ndiyo iliyoamua lugha ya kitabu. Kizuizi kilikuta uamuzi umekwisha kuiva.

Hapa hapana budi kujihadhari na kosa ambalo hujipenyeza katika uhakiki. Husemwa mara nyingine kwamba gereza "lilimzaa" mshairi fulani, au kwamba bila ya dhiki kusingekuwa na diwani. Kauli ya namna hiyo inampa mfungaji sehemu ya sifa za mfungwa. Haizingatii waliofungwa wakanyamaza, wakaugua, au wakatoka hawawezi tena kushika kalamu; na hao ndio wengi. Utungo wa gerezani hautoki gerezani. Hutoka kwa mtu aliyeingia humo akiwa na lugha, na swali, na jamaa wa kuambiwa, na ambaye kuta zilishindwa kumnyang'anya. Sifa ni zake, na za jamii iliyomlea katika lugha hiyo.

8. Gharama ya umbali

Ikiwa umbali una faida, una na gharama zake. Mtunzi wa Kiswahili anayekaa nchi isiyosema Kiswahili hupungukiwa na kitu ambacho vitabu haviwezi kukijaza: sikio la kila siku. Lugha hubadilika sokoni, ndani ya matatu, viwanjani na barazani. Methali mpya huzaliwa, maneno hupata maana za mzaha, misemo ya jana huchakaa. Aliye mbali hubaki na Kiswahili cha mwaka alioondoka. Mazungumzo ya wahusika wake yaweza kuwa sanifu na safi, lakini yakakosa harufu ya midomo. Hapo ndipo "pale" inapogeuka kuwa "kule", na utungo ukageuka kuwa maombolezo ya mahali ambapo hapapo tena, na pengine hapakupata kuwapo.

Gharama hiyo haimkuti kila mtu. Kezilahabi alichapisha *Dhifa* mwaka 2008 akiwa anafundisha Botswana, na Ngũgĩ aliendelea kuandika riwaya kwa Gĩkũyũ akiwa Marekani. Walioepukana nayo wanaelekea kuwa na mambo mawili. Waliendelea kuitumia lugha yao katika kazi ya kila siku, na waliendelea kuwaandikia watu wa kwao. Umbali wao ulikuwa wa macho, wala haukuwa wa hadhira.

Aidha inafaa kukumbuka kwamba kuhama kunaweza kugusa umbo la kazi bila ya kugusa mahali pake. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), riwaya ambazo Kezilahabi alizitoa baada ya masomo yake ya udaktari Marekani yaliyomalizika mwaka 1985, hazina Ukerewe wala Dar es Salaam. Mandhari yake haiwezi kuonyeshwa katika ramani yoyote. Haitakuwa sahihi kudai kwamba safari peke yake ndiyo iliyoleta mageuzi hayo, kwa kuwa tasnifu yake ilikuwa juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, na maswali ya falsafa yalikuwemo katika kazi zake tangu mwanzo. Lakini yaweza kusemwa kwamba mwandishi aliyeanza kwa kutaja kijiji chake kwa jina alifika mahali pa kuuliza kama mahali pana jina.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba imani ya kuwa mandhari mpya huleta ilhamu ina ukweli, ila ukweli wake umewekwa pasipo pake. Mifano iliyochunguzwa inaelekea upande mmoja. Poincaré alikwenda Coutances akafumbua swali la Caen. Kezilahabi alikwenda Dar es Salaam akaandika Namagondo. Abdilatif Abdalla alifungiwa akaandika Mombasa. Sayyid Abdalla hakwenda popote. Pate ilianguka mbele ya macho ya zama zake. Shaaban Robert aliipandisha nchi angani. Kilicho sawa kwa wote ni kupatikana kwa umbali kati ya mtu na kile alichokizoea, pamoja na kazi iliyokuwa imekwisha kufanywa kabla ya umbali huo kupatikana.

Yako mafunzo mawili kwa idara zinazofundisha fasihi na utunzi. La kwanza ni la uhakiki: wasifu wa mtunzi usitumiwe kama orodha ya vituo vya safari, kwamba alipokuwa pahali fulani aliandika kitabu fulani. Swali lenye manufaa zaidi ni lile la kuuliza, alipokuwa pale alikitazama nini, na kwa nini hakukiona alipokuwa humo. La pili ni la ufundishaji: mwanafunzi asiyeweza kusafiri asiambiwe kwamba amekosa sharti la utunzi. Anaweza kutumwa kwa bibi yake akaulize mtaa ulikuwaje. Anaweza kuandika habari za nyumba yao kwa msomaji asiyeijua kabisa, au kuiandika kwa lahaja ya kwao ikiwa amezoea Kiswahili cha darasani. Kila moja kati ya kazi hizo itamtoa humu na kumsimamisha mahali ambapo anaweza kunyoosha kidole na kusema, "pale". Shanga zimo kikapuni mwake, atafutiwe uzi.